Hatimiliki pekee haijengi banda Kitengela

Na MWANDISHI WETU

MWENYE ekari 10 katika nyanda zilizo kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi anaweza kuwa na hatimiliki halali, pesa za mabati na fundi aliye tayari kuanza kazi kesho, lakini bado akawa hana ruhusa ya kujenga hata banda la ng'ombe.

Jambo hilo huwashangaza wakazi wengi wa mijini wanaonunua mashamba katika maeneo ya Kitengela, Isinya na Kipeto, Kaunti ya Kajiado. Wengi wao huamini kwamba vibali vya ujenzi ni vya maghorofa ya mjini, na kwamba shambani mtu hujenga apendavyo.

Sheria haisemi hivyo. Isitoshe, katika nyanda hizo, ambako wanyamapori huingia na kutoka mbugani kupitia ardhi ya watu binafsi, uamuzi kuhusu banda moja hugusa mambo makubwa kuliko banda lenyewe. Hugusa swali la iwapo mbuga iliyo mlangoni mwa jiji kuu itaendelea kuwa sehemu ya nyanda pana, au itabaki kisiwa kilichozungukwa na seng'enge.

Swali hilo lina pande mbili zenye haki. Upande mmoja kuna wanyama walioyatumia mapito hayo kabla ya hatimiliki yoyote kuandikwa. Upande wa pili kuna mfugaji au mkulima anayetaka kuendeleza mali yake, na ambaye si yeye aliyeanza kuyaziba.

Mbuga yenye upande mmoja wazi

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini Kenya. Ukubwa wake ni kilomita mraba 117 pekee, nayo iko takriban kilomita 7 kutoka katikati ya jiji.

Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi ilizungushiwa ua ili wanyama wasiingie katika makazi na barabara kuu. Upande wa kusini, unaopakana na Mto Mbagathi, uliachwa wazi.

Sababu ya kuuacha wazi ni rahisi kueleweka. Kilomita mraba 117 hazitoshi kulisha makundi makubwa ya nyumbu, pundamilia na pofu mwaka mzima. Wakati wa mvua, wanyama hao hutoka na kuelekea nyanda za Athi-Kaputiei, ambako hupata nyasi fupi zenye virutubisho. Kiangazi kinapokaza, hurudi mbugani penye maji. Simba, fisi na duma huwafuata.

Nyanda hizo zina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 2,000, yaani mara nyingi zaidi ya mbuga yenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi. Mnyama anayeonekana na mtalii asubuhi ndani ya mbuga huenda mwezi uliopita alikuwa akila katika shamba la mtu ambaye hapokei hata shilingi moja ya kiingilio.

Hesabu zilizofanywa kwa ndege kwa miaka mingi zinaonyesha kilichotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu katika nyanda za Athi-Kaputiei walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2010, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya 5,000.

Watafiti hawakutaja chanzo kimoja. Walitaja makazi, barabara, machimbo ya mawe, uwindaji haramu na ukame. Lakini kila mara orodha hiyo ilikuwa na kitu kimoja kisichokosekana: ua.

Kutoka ranchi ya pamoja hadi ploti

Ili kuelewa kwa nini kibali cha banda ni suala gumu Kitengela, ni lazima kurudi nyuma kidogo katika historia ya umiliki wa ardhi.

Chini ya sheria ya mwaka 1968 kuhusu wawakilishi wa makundi, ardhi kubwa ya Wamaasai ilisajiliwa kama ranchi za pamoja. Familia zilichunga mifugo kwa kuhamahama ndani ya eneo moja, bila ua kati ya jirani na jirani. Mpangilio huo haukukusudiwa kulinda wanyamapori, lakini uliwafaa, kwa kuwa ng'ombe na nyumbu huhitaji kitu kile kile: nafasi ya kufuata mvua.

Mwaka 1988, ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa na kila mwanachama akapewa sehemu yake. Hatimiliki ikawapa wenyeji uhuru ambao hawakuwa nao awali. Waliweza kukopa, kurithisha na kuuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, lilianza kazi Athi River. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji nyumba, na bei ya ardhi ikapanda. Jiji nalo lilizidi kusogea. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 1,117,840.

Familia za wafugaji ziliuza ekari chache kulipa karo, gharama za hospitali au kununua mifugo mipya baada ya ukame. Wanunuzi waligawa ekari hizo kuwa ploti, na kila mwenye ploti, kwa sababu zinazoeleweka, akazungusha ua.

Miaka ya mwanzo ya 2000, wanajamii wakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao yake Nairobi walipita nyandani na vifaa vya kutambua mahali kwa setilaiti, wakachora kila ua waliouona. Ramani iliyopatikana ilionyesha jinsi mapito ya wanyama na ya mifugo yalivyokuwa yakibanwa.

Kazi hiyo ilisaidia kuzaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya baraza la Olkejuado, kabla ya serikali za kaunti kuundwa. Miongoni mwa wanajamii waliokuwa mstari wa mbele katika utafiti na mazungumzo hayo alikuwa David Nkedianye, ambaye baadaye alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado na kuhudumu kuanzia mwaka 2013 hadi 2017.

Mpango huo uligawa eneo katika sehemu mbalimbali. Kuna sehemu za mji na makazi, na kuna sehemu zilizokusudiwa kubaki wazi kwa malisho ya mifugo na wanyamapori. Swali la kwanza kwa anayetaka kujenga, kwa hiyo, ni shamba lake limo katika sehemu gani. Gharama ya banda huja baadaye.

Sheria inasemaje

Sheria kuu inayohusika ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Inasema kwamba hakuna mtu atakayefanya ustawishaji katika kaunti yoyote bila idhini ya waziri wa kaunti anayesimamia mipango.

Neno ustawishaji lina maana pana katika sheria hiyo. Linahusu kazi zinazofanywa juu ya ardhi pamoja na mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi au majengo. Banda la kuku 5,000, ghala la nyasi, zizi la saruji au kivungulio cha nyanya haviponyoki kwa sababu tu viko shambani.

Anayeanza ujenzi bila idhini anatenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Aidha, waziri wa kaunti anatakiwa kumwagiza airejeshe ardhi katika hali yake ya awali, au karibu na hali hiyo iwezekanavyo, kwa muda wa siku 90.

Wapo wanaouliza iwapo hilo haliingilii haki ya kumiliki mali inayolindwa na Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010. Katiba hiyo hiyo inajibu katika Kifungu cha 66, kinachoipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa sababu kadhaa, mipango ya ardhi ikiwa mojawapo.

Kwa maneno mengine, ardhi ni ya mwenyewe, lakini namna ya kuitumia inajadiliwa na umma.

Njia ambayo ombi hupitia

Mwombaji hupeleka ombi lake kwa kaunti pamoja na hati za umiliki, ramani ya shamba na michoro ya jengo. Michoro hiyo hutakiwa kuonyesha jengo litakaa wapi, litatumika kwa nini, maji machafu yataelekea wapi na barabara ya kuingilia ni ipi.

Baada ya kupokea ombi, waziri wa kaunti hulisambaza kwa idara na mashirika yanayohusika ndani ya siku saba. Mashirika hayo nayo yana siku 14 za kutoa maoni. Katika eneo linalopakana na mbuga, maoni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huwa na uzito wa pekee.

Sheria inamtaka anayeamua afungwe na mipango ya ardhi iliyoidhinishwa. Hiyo ndiyo nguvu ya mpango wa eneo: afisa hatakiwi kuamua kwa kumhurumia mwombaji wala kwa kumchukia, bali kwa kutazama kile ambacho jamii ilikubaliana kuhusu sehemu hiyo ya ardhi.

Iwapo ombi litakataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti. Asiporidhika huko, anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Zipo pia taratibu nyingine zinazokwenda sambamba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA), ambayo huiweka miradi katika makundi matatu ya hatari: ndogo, ya wastani na kubwa. Miradi ya hatari ndogo huandaliwa ripoti fupi. Ile ya hatari kubwa huhitaji utafiti kamili wa athari kwa mazingira.

Ujenzi karibu na mito, kama vile Mbagathi na Kitengela, una masharti yake. Kanuni za maji huhifadhi ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, na zizi au shimo la samadi halitakiwi kuwa ndani yake.

Halafu kuna ununuzi wenyewe. Uuzaji au ugawaji wa ardhi ya kilimo huhitaji ridhaa ya bodi ya ardhi ya eneo husika, na ombi la ridhaa linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanywe. Mnunuzi aliyeruka hatua hiyo hawezi hata kufika kwenye suala la banda, kwa sababu mkataba wake wenyewe unaweza kuwa batili.

Ua una uzito kuliko paa

Wengi hudhani pingamizi dhidi ya majengo ya shambani hutokana na sura ya jengo: mabati yanayong'aa, paa refu au rangi isiyopendeza machoni mwa watalii. Katika nyanda za Kitengela, kwa sehemu kubwa, tatizo si paa. Pundamilia hupita kando ya banda bila shida. Kinachomzuia ni ua.

Chukulia mfano wa majirani wawili, kila mmoja akiwa na ekari 20, na kila mmoja akitaka banda la ng'ombe 30 wa maziwa.

Wa kwanza anajenga banda katikati ya shamba na kuzungusha seng'enge mpakani pote. Iwapo shamba lake ni la mraba, ua huo utakuwa na urefu wa karibu mita 1,140. Ekari zote 20 zimefungwa.

Wa pili anaweka banda, ghala, tangi la maji na nyumba ya mfanyakazi katika pembe moja ya shamba, kisha anazungushia ekari moja tu. Ua wake hauzidi mita 260. Ekari 19 zimebaki wazi kwa malisho ya ng'ombe wake, na kwa nyumbu wanaopita.

Kwenye fomu, majirani hao wameomba kitu kimoja. Nyandani, mmoja amechukua ekari 20 na mwingine amechukua ekari moja. Wa pili pia ametumia pesa kidogo zaidi kununua vigingi na seng'enge.

Ndiyo maana mashauriano kabla ya kuchora ramani ya jengo yanaweza kumwokoa mwombaji. Jengo linalokataliwa likiwa katikati ya shamba lenye ua wa mpakani lina nafasi nzuri zaidi likisogezwa karibu na barabara au karibu na majengo mengine, ua ukapunguzwa na upande wa mapito ukaachwa wazi.

Faida ya nyanda wazi si ya wanyamapori pekee. Wakati wa ukame wa mwaka 2009, wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo wengi. Mfugaji aliyezungukwa na ploti zenye ua hana pa kuhamia mvua inapokosekana, hata akiwa na hatimiliki mkononi.

Zizi lisilovunjwa na simba

Kuna aina moja ya ujenzi ambayo wahifadhi hawaipingi, wanaichangia. Hiyo ni zizi imara la usiku.

Boma la jadi la matawi ya miiba hulinda mifugo kwa kiasi, lakini simba mwenye njaa au kundi la ng'ombe lenye hofu huweza kulivunja. Kila zizi linapovunjwa, uhasama kati ya wafugaji na mbuga huongezeka.

Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita waliotoka mbugani baada ya mbuzi na kondoo kushambuliwa. Machi 2016, simba dume maarufu kwa jina la Mohawk alipigwa risasi na askari wa KWS huko Isinya, baada ya kutoka mbugani na kumjeruhi mtu.

Kutokana na hasara hizo, mashirika ya uhifadhi yamesaidia familia kujenga mazizi ya waya wa wavu na nguzo imara. Ua wa zizi la aina hiyo huzunguka eneo dogo la kulala mifugo, na hauzibi mapito.

Ubunifu mwingine ulitoka kwa mtoto wa eneo hilo hilo. Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe wa familia yake karibu na mbuga, alitengeneza mfumo wa taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi, akitumia betri na paneli ya jua, ili simba wadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Mwaka 2013 alieleza kazi yake katika kongamano la TED nchini Marekani.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba katika eneo linalolindwa jengo la shambani linaweza kuwa sehemu ya ulinzi wenyewe. Linachohitaji ni kujengwa mahali panapofaa na kwa namna inayofaa.

Nani anayelipa gharama?

Hapo ndipo lilipo lalama la wenyeji. Mfugaji ambaye hakuuza ardhi yake, hakuigawa na hakuizungushia ua ndiye anayebaki na mapito ya wanyama. Jirani aliyeuza mapema alipata pesa, na mnunuzi akajenga kabla mpango haujaandaliwa. Anayekuja mwisho, hata kama ndiye aliyevumilia kwa muda mrefu zaidi, ndiye anayeambiwa asijenge.

Jaribio la kwanza la kurekebisha hali hiyo lilianza mwaka 2000, kupitia programu ya kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori. Familia zilizojiunga zililipwa dola nne za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka. Kwa upande wao, ziliahidi kutoweka ua, kutouza wala kugawa ardhi iliyosajiliwa, kutochimba mawe na kuwaacha wanyama wapite.

Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka ili yaende sambamba na mihula ya shule. Kwa familia ya ekari 100, hizo ni dola 400 kwa mwaka. Karo ililipwa, na wapo waliosema hapana kwa mabroka wa ardhi kwa sababu ya pesa hizo.

Hata hivyo, programu hiyo ilitegemea wafadhili, na kodi ya dola nne haikuweza kushindana na bei ya ekari katika eneo linalogeuka kuwa mji.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilifungua njia nyingine. Inatambua hifadhi za jamii na za watu binafsi, na inaruhusu mwenye ardhi kuweka sharti la uhifadhi juu ya shamba lake, ambalo hubaki hata shamba likibadili mikono. Karibu na mpaka wa kusini wa mbuga, wenye mashamba waliungana na kuunda hifadhi ya jamii ya Naretunoi.

Kwa mwenye ardhi, njia hizo zina maana moja: kukataliwa ujenzi katika sehemu fulani kunaweza kuambatana na malipo au mapato ya utalii. Bila hayo, katazo hubaki mzigo wa mtu mmoja kwa faida ya wengine wote.

Mahali mfumo unapokwama

Hata penye sheria nzuri, kuna mianya miwili.

Mwanya wa kwanza ni wa muda. Sheria ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji aliyekamilisha masharti yote, na ambaye hakupata jibu la maandishi ndani ya siku 60, atachukuliwa kuwa amekubaliwa. Kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mwananchi dhidi ya maafisa wazembe. Lakini katika eneo la mapito, faili iliyosahauliwa mezani kwa siku 61 inaweza kuziba njia iliyotumiwa na wanyama kwa karne nyingi.

Mwanya wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa hautokani na uzembe wa mtu. Maombi huamuliwa moja baada ya jingine. Hakuna banda moja linaloangamiza mbuga, na kila mwombaji anaweza kusema kwa ukweli kwamba lake ni dogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Nyanda zilizokuwa na nyumbu zaidi ya 25,000 hazikufungwa na mradi mmoja mkubwa uliopingwa magazetini. Zilifungwa na maelfu ya maamuzi madogo ambayo kila moja lilionekana halina madhara.

Hiyo ndiyo sababu ya mpango wa eneo kutangulia kibali. Afisa anayetazama ombi moja bila ramani ya eneo zima hawezi kujua iwapo shamba lililo mbele yake ndilo pengo la mwisho lililosalia katika pito la kilomita kadhaa.

Mjadala kuhusu hatima ya upande wa kusini ulichacha tena mwaka 2020, wakati rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga kwa miaka ya 2020 hadi 2030 ilipotolewa kwa umma. Pendekezo la kuweka ua upande huo lilipingwa vikali na wahifadhi na baadhi ya wenyeji, waliohofia kwamba mbuga ingegeuka kuwa bustani ya kufugia wanyama.

Waliouunga mkono ua huo walikuwa na hoja yao: iwapo mashamba ya nje yameshafungwa, wanyama wanaotoka huenda kwenye mauti. Hoja hizo mbili zinakubaliana katika jambo moja. Thamani ya kuuacha wazi mpaka wa mbuga hutegemea kile kilichoruhusiwa kujengwa ng'ambo ya pili ya mto.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa mkazi wa mjini anayefikiria kununua shamba katika nyanda hizo, mambo kadhaa yanapaswa kuthibitishwa kabla ya kulipa hata arubuni.

Kwanza, aende katika ofisi ya mipango ya kaunti aulize shamba limo katika sehemu gani ya mpango wa matumizi ya ardhi, na ni ukubwa gani wa chini unaoruhusiwa katika ugawaji. Neno la broka si jibu.

Pili, atafute katika sajili ya ardhi iwapo kuna sharti la uhifadhi lililoandikwa juu ya hatimiliki. Sharti hilo humfunga mnunuzi kama lilivyomfunga muuzaji.

Tatu, awaulize majirani wanaochunga mifugo wanyama hupita wapi na miezi gani. Wao huyajua mapito hayo kuliko ramani yoyote.

Nne, aweke banda na ua katika mchoro mmoja anapoomba kibali. Akiomba banda pekee kisha akazungusha ua baadaye kimyakimya, atakuwa amekiuka sheria kwa kitu kile kile ambacho afisa angekitazama kwanza.

Tano, ahifadhi nakala ya ombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Siku 60 za kusubiri jibu na siku 14 za rufaa huhesabiwa kwa tarehe, na asiyekuwa na ushahidi wa tarehe hana pa kuanzia.

Masharti hayo yanaweza kuonekana mengi kwa mtu anayetaka tu kuwapatia ng'ombe wake kivuli. Lakini mwenye kuyafuata ana uwezekano mkubwa wa kupata banda lake, kwa kuwa sheria haikatazi ufugaji katika nyanda za Kitengela. Ufugaji ndio ulioziweka wazi nyanda hizo hadi zikawafaa wanyamapori, na bila mifugo hakuna atakayekuwa na sababu ya kuendelea kuziacha bila ua.